Kuku Aliyelalia Chini ya Bati

Kila mchana baada ya shule, Adelaïde alimpelekea baba yake maharagwe kwenye mashine ya kumenya kahawa. Njia ilipita katika ukungu wa milima ya Masisi, naye alitembea kana kwamba amelala. Alisimama kutazama wingu likiingia shambani, chakula kikapoa.

"Mutoto huyu ataota mpaka lini?" mama yake, Emérita, alilalamika.

Kando ya mashine, bati kubwa liliegemezwa ukutani. Chini yake kuku mwekundu alilalia mayai. Adelaïde alimtazama hata saa nzima, mashine ikinguruma, harufu ya kahawa mbichi ikimlevya kidogo. Siku vifaranga walipototolewa, aliwahesabu: tisa.

Siku mbili baadaye, maskini, mkanda wa mashine ulimnasa baba yake, Papa Sebahire, mkono. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatika. Sasa angeshikaje jembe? Nani angelisha nyumba? Adelaïde alilia mpaka sauti ikamkauka.

Jumapili, karani wa shamba la kahawa alikuja na blanketi jipya na karatasi ya Kifaransa. "Sebahire, tia kidole hapa, uchukue blanketi. Aksidenti njo shauri ya Mungu."

"Kweli, ni shauri ya Mungu," Papa alisema kwa uchovu, akanyoosha kidole gumba cha kushoto.

Adelaïde alisoma juu ya bega lake, neno kwa neno. "Papa, usitie! Wameandika kosa ni lako, na hutadai kitu tena!"

Papa alirudisha kidole. Karani akaondoka na blanketi lake, amenuna.

Mwalimu wa Adelaïde aliwaandikia barua kwa enspekta wa kazi, mkaguzi wa serikali huko Goma. Baada ya wiki mbili enspekta alifika, akauliza kwa nini mkanda haukuwa na kifuniko.

"Tulikitoa asubuhi ileile, tukisafishe," karani alijibu.

"Uongo! Kilitoka siku nyingi," Papa alisema.

"Siku ngapi? Nani alihesabu?" karani aliuliza, akicheka.

"Mimi," Adelaïde alisema. "Bwana enspekta, kifuniko njo lile bati. Kuku alilalia mayai chini yake. Vifaranga walitoka siku mbili mbele ya aksidenti, na watu wote hapa waliwaona."

Enspekta aliwatazama wafanyakazi. "Kuku analalia siku ngapi?"

"Makumi mbili na moja!" walijibu kwa pamoja.

"Basi kifuniko kilikaa ukutani si chini ya siku ishirini na tatu," enspekta alisema. Karani aliinamisha kichwa.

Shamba lililipa matibabu na fidia ya vidole, na bati likarudishwa juu ya mkanda. "Sebahire," enspekta alisema akiaga, "mvua ya mawe ni shauri ya Mungu. Mashine isiyofunikwa ni shauri ya mwenye mashine. Ukiumia kazini, fidia ni haki yako, si zawadi. Na karatasi usiyoielewa, usiitie kidole."

Jioni ile Adelaïde alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akitazama ukungu. Maharagwe yakaanza kuungua. Mama alifungua kinywa amkaripie.

Papa aliinua mkono wake wenye vidole viwili. "Muache aote," alisema. "Mimi nilipita kando ya lile bati kila siku, macho wazi, nisijiulize kwa nini liko ukutani."