Bakuli la Bibi wa Kona

Jua lilikuwa linazama nyuma ya zile nyumba mpya za Germantown, huku Marekani, zilizobanana ukuta kwa ukuta. Mwatime alikuwa amejitupa kwenye kochi, sare ya jikoni bado mwilini. Kazi yake ni kupika chakula cha watoto wa shule, na siku hiyo wenzake hawakutokea, akapika na kuosha peke yake mpaka miguu ikamvimba. Bakuli la jirani lilikuwa mezani, limeoshwa na kukauka.

"Safa," akamwita binti yake. "Mpelekee bibi wa kona bakuli lake. Mwambie mama anashukuru."

"Nitie nini ndani?" Safa akauliza, kwa Kiingereza. Ana miaka saba. Kiswahili anakisikia chote ila kumjibu mtu nacho hataki, ndio watoto wetu wa huku.

"Leo hamna kitu. Nenda, urudi kabla ya giza."

Mtoto akachukua bakuli, akatoka.

Sasa kosa ni hilo hapo, na ukimwambia mtu asiyejua adabu za pwani atakucheka. Mwatime ni mtu wa Kilifi. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Utatia mahamri, utatia ndimu, ukikosa kabisa utatia chumvi, lakini utatia. Tangu bibi yule ahamie nyumba ya kona, Mwatime hakuwahi kukosea. Bakuli lilikuja na pai, likarudi na viazi vya karai. Likaja na keki, likarudi na pilau.

Bibi mwenyewe alikuwa Mwingereza, mfupi, mashavu mekundu, havui koti lake la sufu hata akikaribishwa chai. Na maneno alikuwa nayo! Kwao ni mji wa soko, wa kale, katikati ya malisho ya kondoo. Nyumba za mawe zina mamia ya miaka na zimeegemeana mpaka leo. Jumatano wauzaji wanapanga meza uwanjani: jibini, mayai, maua, vitambaa. Muuza nyama anakujua kwa jina lako na anajua nyama unayoipenda. Kila kitu unakifuata kwa miguu.

Basi Mwatime akanasa. Wala simlaumu. Mumewe, Taufiq, anafanya kazi kwenye bohari kule Landover. Anatoka kabla ya jua, anarudi mtoto amelala, maisha yake yote yanaishia kwenye foleni ya magari. Mtaani hapo Mwatime hajui jina la mtu hata mmoja. Mji ambao muuza nyama anakujua kwa jina ulimtia hamu mpaka akawa analala na video za miji hiyo kwenye simu, na alfajiri, mumewe kabla hajatoka, anampigia kelele masikioni.

"Tuhamie huko, Taufiq."

"Wewe umerogwa. Baridi ya hapa tu inakutoa kamasi."

"Huko utakula chakula cha jioni na mwanao."

Hilo lilimchoma Taufiq, akachukua funguo za gari, akatoka.

Bibi alikuwa na jambo moja tu la kulalamikia kuhusu kwao. Watu wanapungua, alisema, hasa watoto, na soko lisilo na watoto lina ukiwa. Tena aliwahi kusema, huku akipokea pilau, kwamba sheria ya soko lao ni ya zamani sana: kinacholetwa na chombo ni cha mwenye chombo. Mwatime akaona kumbe wanafanana.

Haya. Safa hakurudi.

Nyumba ya kona iko milango michache tu. Mtoto wa miaka saba anakwenda na kurudi maji ya chai hayajachemka. Maji yalichemka. Yakapoa... Mwatime akafungua mlango wa mbele kumwita, na kabla hajaita, harufu ikampiga. Majani makavu yaliyolowa. Manyoya ya kondoo. Mkate unaookwa mahali fulani.

Halafu kengele. Nzito, ya mbali, ikilia polepole.

Germantown yote haina kengele kama ile.

Akatoka na kandambili. Alipofika nyumba ya kona akasita, maana madirisha hayakuwa na mapazia, na kwenye kitasa palining'inia kile kisanduku cha funguo wanachoweka madalali wa nyumba. Vumbi limetanda kizingitini. Katikati ya vumbi kulikuwa na nyayo za viatu vidogo, zimeingia ndani.

Hazikutoka.

Akausukuma mlango. Ulikuwa wazi.

Hakukuta sebule. Alikanyaga mawe ya mviringo, yaliyolowa, baridi yake ikapenya kandambili. Mbele yake kulikuwa na uwanja, nyumba za mawe zimeuzunguka, na meza za soko zimepangwa safu kwa safu. Ulikuwa ule ule mji. Ulikuwa mzuri, hilo Mwatime halikani mpaka leo. Mzuri kiasi kwamba, hata na hofu ile, kitu ndani yake kilitaka kusogea. Watu walisimama kila meza, wamempa migongo, na hakuna aliyekuwa akinunua.

Kwenye meza ya mwisho, kati ya mayai na jibini, alisimama Safa. Juu ya meza. Amekumbatia bakuli, macho wazi, hapepesi.

"Safa," Mwatime akanong'ona.

Mtoto hakugeuka.

Mwatime akaanza kusoma. Alisoma kila aya aliyofundishwa madrasa, ulimi unagongana na meno. Pengine alikosea kwa hofu, mimi sijui. Wale watu waliinamisha vichwa, wakangoja kwa adabu mpaka alipomaliza. Kisha vichwa vikainuka.

"Bakuli limekuja na kitu kizuri leo," ikasema sauti pembeni yake. Bibi wa kona, na koti lake la sufu. "Ahsante, mwanangu."

"Lilikuwa tupu. Nilichoka, bibi. Nisamehe."

"Wewe hujawahi kuniletea bakuli tupu. Una adabu zako."

Hapo ndipo Mwatime alipogutuka. Miezi yote wamekuwa wakiongea Kiingereza, na sasa bibi yule alikuwa akisema Kiswahili. Cha Kilifi, na sauti ya kuvuta ile ile ya mamake Mwatime.

"Nirudishie mwanangu."

"Kitu kwa kitu."

Mwatime akavua bangili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi, akamnyooshea. Bibi hata hakuzitazama.

"Mali tunayo," akasema taratibu. "Tumekosa watu."

Mwatime akamtazama mwanawe juu ya ile meza. Akasema bila kufikiri, "Nichukue mimi."

Soko zima likageuka.

Nyuso zao hajawahi kuzisimulia. Ukimuuliza anainuka, anakwenda kuosha vyombo. Alichosema ni kwamba aliziona, na papo hapo, kwa kuwa amelelewa na wauza samaki na kupunguza bei kumo damuni, akaongeza: "Lakini si leo. Niacheni nimlee. Akishakuwa mtu mzima, nitakuja mwenyewe."

Bibi akawatazama wenzake. Mmoja mmoja wakatikisa kichwa kukubali, upesi kuliko Mwatime alivyotarajia.

"Akishakuwa mtu mzima," bibi akarudia. "Tumepatana."

Mwatime akamnyakua Safa na kukimbia. Nyuma yake akasikia bakuli likivunjika juu ya mawe. Alipokanyaga tena lami ya Germantown mtoto alikuwa analia kwamba ana njaa, na mama mtu alilia kwa furaha njia nzima.

Taufiq alisikiliza yote usiku ule. Kesho yake aliwapigia simu wasimamizi wa nyumba za mtaa, kisha akamjia mkewe.

"Management wanasema nyumba ile haijapangishwa tangu mwaka jana," akamwambia. "Mwatime, ulikuwa unampikia nani?"

Hawakulizungumza tena. Safa hakumbuki chochote. Anakula, anacheza, anasoma vizuri, na Mwatime alianza kupata usingizi, akijipa moyo kwamba miaka ya kumlea mtoto ni mingi.

Kisha sketi ya shule ikawa fupi. Wakanunua nyingine, nayo ikawa fupi kabla haijapauka. Daktari alimpima akasema wako watoto wanaokua kwa kasi, msihofu. Taufiq anafurahi, anamwita twiga wangu.

Jumamosi iliyopita walikwenda kununua viatu, maana vya mwezi uliotangulia vimekataa. Muuzaji, mama wa makamo, alimpima Safa mguu. Akatazama kipimo. Akampima tena.

"Huyu binti ana miaka kumi na mingapi?" akauliza.

Safa hajatimiza hata minane. Mwatime aliketi sakafuni pale pale, kati ya maboksi. Akaishika miguu ya mwanawe yote miwili, akaibana kwa nguvu zake zote.

"Mama, unaniumiza," Safa akasema.

Hakuiachia.