Wekundu Ndani ya Kiwi za Wifi

Asubuhi kwetu hakuna kupumua. Mimi namenya na kukata, mume wangu anapanga vikombe. Tunauza matunda nje ya posta, na watu wa ofisini hawajui kusubiri.

Siku hiyo tulikuwa na boksi la kiwi kutoka kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye analima milimani, kwenye baridi. Kiwi ni tunda dogo kama yai, na zote nilizowahi kukata zilikuwa za kijani ndani. Nikakata ya kwanza. Kijani kilikuwepo, lakini katikati, kuzunguka mbegu, palikuwa pekundu kama damu.

"Njoo uone alichofanya dada yako!" nilimwita mume wangu.

"Labda ni aina nyingine."

"Aina nyingine wapi! Ametia rangi kwa sindano huyu."

Nikakata ya pili. Wekundu ulikuwa hafifu. Ya tatu, umefifia zaidi. Nikajiona mjanja kweli: kumbe rangi ilianza kumwishia, akabana matumizi!

"Tumpigie kwanza," mume wangu alisema.

"Acha kumkingia kifua dada yako."

Nikashika simu. Nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la familia: "Jamani, msile kiwi za wifi. Anazitia rangi. Atatuua huyu!" Watu arobaini na mmoja walinisikia. Kesho yake binamu yetu mwenye duka, mteja mkubwa wa wifi, alimrudishia maboksi yote.

Wifi hakujibu neno. Nami nikasema, si mnaona? Angekuwa hana kosa angenyamaza?

Siku ya tatu alikuja bibi shamba, yule mtaalamu anayewashauri wakulima. Hununua kikombe kwetu kila wiki.

"Mbona leo hakuna kiwi?" aliuliza.

Nikamsimulia kwa mbwembwe zote. Hakucheka.

"Umebaki nayo hata moja?"

Nikampa. Akaigeuzageuza, akanirudishia. "Nionyeshe tundu la sindano."

Nilitafuta mpaka macho yakauma. Sikuona tundu.

"Sasa ikate."

Nikakata. Wekundu ulikuwa umezunguka mbegu pande zote, kwa mistari myembamba.

"Sindano ingeacha doa upande mmoja," alisema. "Wekundu huu umetengenezwa na tunda lenyewe. Ni rangi ya asili, inaitwa anthosianini. Zabibu nyeusi zinayo, na kabichi ya zambarau pia. Kile kijani ni klorofili, ile ile ya majani. Aina hii ya kiwi ina rangi zote mbili."

"Mbona basi hazifanani?" niling'ang'ana.

"Joto likizidi wakati tunda linakua, wekundu hupungua. Penye ubaridi hukolea. Hata shamba moja hutoa matunda tofauti."

"Na haidhuru?"

"Ni chakula, mama. Osha, menya, ule."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu hakusema kwamba alinionya. Aliendelea kupanga vikombe tu, na aibu ikanizidi.

Ningeweza kumpigia wifi peke yake, tukayamaliza chinichini. Lakini nilimchafua mbele ya watu. Nikarekodi tena kwenye kundi lile lile: "Jamani, nilisema nisilolijua. Wifi hakutia rangi yoyote. Kosa ni langu." Kisha nikaenda dukani kwa binamu. Nikakata kiwi mbele ya wateja wake na kuwaeleza wekundu unatoka wapi. Wiki ile ile binamu aliagiza maboksi mapya. Siku hizi hata wateja wangu huniuliza, "Zile nyekundu zipo?"

Ilibaki safari ya shambani. Nilimkuta wifi akifunga matawi kwenye nyaya, maana kiwi hutambaa kama mzabibu. Hakuacha kazi.

"Wifi, nisamehe," nilisema. "Nimekuaibisha bure."

Alifunga tawi moja, akafunga la pili.

"Nimekusamehe," alisema hatimaye. Kisha akanitazama. "Lakini wifi, namba yangu unayo. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamshikia tawi la tatu alifunge.