Bango la Fundi Saa

Katika mtaa ule, kila aliyekuwa na jambo alipitia kwanza kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Paa la chekechea likivuja, watu walisema, "Nenda kwa Tarumbeta." Pampu ya kisima ikigoma, "Mwambie Tarumbeta." Ndilo jina walilompa, maana sauti yake ilifika kona ya barabara kabla mwenyewe hajatoka mlangoni. Hakulichukia. Alishona huku akiongea, pini tatu mdomoni, na hakuwahi kumeza pini wala neno.

Kwenye kibaraza kile walikuwa wawili. Kulia palikuwa na cherehani. Kushoto palikuwa na meza ndogo ya fundi saa, yenye droo kumi na mbili. Fundi saa alikuwa mtu mpole, asiye na mke wala mtoto. Maneno yake yalikuwa machache kama nywele zake. Walikaa hivyo miaka tisa, wakitaniana.

"Kaka, una saa zote hizo mezani, na bado chakula kinapoa hujala!"

"Na wewe dada, una nyuzi zote hizo, mbona gauni lako limefumuka kwapani?"

Kisha mambo yakaanza kubadilika.

"Dada, kuna skrubu imeanguka hapo. Niokotee."

Skrubu ilikuwa mbele yake, inang'aa kando ya kidole chake. Tarumbeta alicheka. Wiki iliyofuata alimwona akipapasa meza yote kutafuta koleo ambalo lilikuwa limelala wazi. Wiki ya tatu hakucheka tena.

"Kaka, macho vipi?"

"Vumbi tu," alisema fundi saa, akavuta droo.

Jioni ile Tarumbeta alimweleza mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka.

"Jirani yangu anapofuka, mume wangu. Na hana mtu. Tufanye tamasha, tumchangie atibiwe."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Akijua si utamu utakwisha? Tutamshtukiza!"

Mumewe alikuwa ameshajifunza kwamba kubishana na tarumbeta ni kupoteza pumzi. Alienda kutafuta brashi.

Kesho yake Tarumbeta alijifanya anapiga picha ya gauni kwa simu. Kumbe alikuwa akimpiga picha fundi saa, ameinama, mkono mmoja unapapasa hewani, mdomo wazi. Mumewe aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Mbona umechagua hii? Anaonekana kama mtu aliyefiwa."

"Ndiyo itakayofungua mifuko ya watu. Wewe chora."

Akachora. Na alichora vizuri, ndiyo taabu yenyewe.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Kinyozi alinyoa watu tangu asubuhi, na malipo yote yakaingia kwenye sanduku la mchango. Watu walikimbia ndani ya magunia, wakaanguka, wakachekwa. Wazee walicheza mpira na vijana, wakafungwa saba kwa bila, na refa alikuwa upande wao. Hakuna aliyekuja na nia mbaya. Hilo lisemwe waziwazi. Mtaa mzima ulikuwa na moyo mweupe siku ile.

Fundi saa aliletwa na kinyozi. Alikuwa ameambiwa kwamba saa ya ukutani ya shule imesimama, kwa hiyo alikuja na mkoba wa vifaa vyake. Akakuta watu wanapiga makofi. Mbele yake aliona kitambaa kikubwa cheupe chenye madoa ya rangi. Akakisogelea. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa kitambaa, akaanza kusoma herufi moja moja, kichwa kikienda kulia polepole.

TUMSAIDIE FUNDI SAA WETU ASIYEONA.

Makofi yalipungua, yakaisha. Alifika kwenye picha. Akagusa mdomo ule uliochorwa wazi.

"Nani amewaambia?" aliuliza.

"Mimi hapa, kaka!" Tarumbeta alijibu, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo jibu lake lilisikika mpaka barabarani.

"Asante, mama," alisema fundi saa.

Miaka tisa alikuwa akimwita dada. Alichukua mkoba wake, akaondoka akifuata ukuta wa shule.

Jumatatu alifika mteja wa kwanza, mwalimu mstaafu.

"Fundi, usinielewe vibaya. Si kwamba nakudharau. Ile ni saa ya marehemu mume wangu. Naomba niichukue tu kama ilivyo."

"Ilikuwa imebaki kufunga kifuniko."

"Hata hivyo, fundi wangu."

Baada yake alikuja mwingine, na mwingine. Kila mmoja aliongea kwa upole, kama mtu aliyekuja kuhani. Ikafika Alhamisi, droo zote kumi na mbili zikawa tupu.

Fundi saa alianza kukunja kitambaa cha meza yake.

"Nilikuwa na saa kumi na tisa," alisema bila kumtazama Tarumbeta. "Nilikuwa nazitengeneza kwa vidole zaidi ya macho, na zilikuwa zinatembea. Nilikuwa naweka akiba. Mwezi ujao nilikuwa niende kupimwa, kimya kimya, wateja wasijue."

"Sasa si sanduku limejaa? Nenda leo!"

"Sikuliomba."

"Kaka, watu wametoa jasho lao!"

"Wapelekeeni chekechea, mama." Akabeba meza yake mgongoni.

Tarumbeta aliumia. Na akiumia, alikuwa na dawa moja tu: kusema. "Asante ya punda ni mateke!" aliwaambia wateja wake wote. "Nimemtafutia matibabu, amenigeuzia mgongo!" Wateja walitikisa vichwa. Mtu akisimamishwa na kupimwa mabega, atabisha nini?

Miezi ikapita. Fundi saa alipata kibarua kwenye ghala la chupa tupu, akizipanga kwenye kreti. Kazi ile ilitaka vidole tu. Asubuhi alipita upande wa pili wa barabara, bega likigusa ukuta. Tarumbeta alimwona kila siku. "Akija kuniomba radhi nitampokea," alijiambia. Kila siku alijiambia hivyo, na miezi ikawa saba.

Siku moja alikuja mteja mgeni, muuguzi wa macho aliyehamia karibuni kwenye zahanati ya mtaa. Alitaka sare yake ipunguzwe kiuno. Tarumbeta alimsimulia kisa chote, akingoja kuhurumiwa. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ulimwuliza?"

"Nimwulize nini? Mtu akizama unamwuliza kama anataka kamba?"

"Hakuwa anazama. Alikuwa anaogelea taratibu kwenda ukingoni. Wewe ukaita watu waje kumtazama."

Cherehani ilisimama.

"Ugonjwa ni siri ya mwenye nao," muuguzi aliendelea. "Mimi ninayemtibu nikiutangaza, nafukuzwa kazi. Sasa jirani ana ruhusa gani?"

"Kwa hiyo jirani akae akimtazama mwenzake anaharibikiwa?"

"Asikae. Asaidie. Lakini aanze na swali, wakiwa wawili, si mbele za watu. Ungependa tukusaidie? Kwa njia gani? Watu waambiwe nini, wasiambiwe nini? Picha yako itumike au isitumike? Akisema hapana, basi ni hapana. Na akikubali leo, kesho akabadili mawazo, mnashusha bango na hamnuni."

"Nani atachangia asipojua anamchangia nani?"

"Mlipochangia pampu ya kisima, kuna mtu aliyechorwa akiwa na kiu?"

Tarumbeta alitaka kucheka, akashindwa. Lile neno lake la kufungua mifuko ya watu lilimrudia.

"Niambie," alisema muuguzi, "anatembeaje?"

"Bega ukutani. Anajigonga kwenye vitu vya pembeni. Hasa upande wa kushoto."

Muuguzi alisimama. "Na miezi saba yote hajapimwa?"

"Si alisema ni vumbi?"

"Dada, sikiliza. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya jicho. Unatibika kwa upasuaji mfupi, na hata ukichelewa, mara nyingi mtu anaona tena. Lakini kuna presha ya macho. Hiyo aghalabu haiumi. Inakula kuona kwako kuanzia pembeni, kidogo kidogo, na kilicholiwa hakirudi. Ikigunduliwa mapema, dawa inaizuia. Sijui yeye ana ipi. Anayejua ni anayepima. Lakini hizo siku mlizonuniana, zilikuwa siku za jicho lake."

Tarumbeta aliacha sare mezani, akaenda ghalani.

Alimkuta amekaa kwenye kreti, chupa pande zote. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alipofika yote yakatawanyika.

"Kaka, nilikukosea. Nilikutangaza bila kukuuliza. Halafu nikakaa miezi saba nikingoja wewe ndiye uniombe radhi."

Fundi saa aliendelea kupanga. Chupa moja, ya pili.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Na nani anajua umekuja?"

"Hakuna."

"Basi leo jua litachomoza magharibi."

Ulikuwa utani, ila hakutabasamu. Tarumbeta alimweleza aliyosikia kuhusu presha ya macho. Kisha akauliza, "Ungependa kwenda kupimwa? Ukisema hapana, naondoka."

"Nitafikiri."

Zamani Tarumbeta angemshika mkono na kumkokota mpaka zahanati. Aliitikia tu, akaondoka. Hakuna nguo aliyowahi kushona iliyomchosha kama hatua zile za kurudi.

Siku ya tatu fundi saa alikwenda zahanati mwenyewe. Akapelekwa hospitali. Majibu alikuja kumpa Tarumbeta kibarazani, kwa sauti ile ile anayoitumia kusema saa hii imekufa, hii itapona.

"Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na presha imeanza kulinyemelea nalo. Litafanyiwa upasuaji, na kuna dawa ya matone kila siku, maisha yangu yote. La kushoto ni presha. Limekwisha."

"Limekwisha vipi, kaka?"

"Limekwisha. Daktari anasema ningepimwa mwaka jana, lingekuwa limebaki na uwezo wa kutosha."

Aliondoka. Tarumbeta alishona mkono wa shati, akaufumua, akaushona tena kinyume. Mumewe alipokuja alimkuta ameinamia rundo la vitambaa, mabega yanatetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe, hakusikia sauti yoyote.

Sanduku la mchango lilikuwa bado kwa kinyozi. Safari hii waliochanga waliulizwa, na fundi saa aliulizwa. Alikubali ligharamie upasuaji, kwa sharti moja: asitajwe popote. Hakutajwa. Baada ya wiki chache alirudi kibarazani na meza yake. Saa za mkononi hakuziweza tena. Jicho moja lilimdanganya umbali, na skrubu ndogo zilimkimbia. Alichukua saa za ukutani na za mezani. Mwalimu mstaafu alileta ya kwake ya sebuleni. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akitazama pembeni.

Miezi minne baadaye mtaa ulifanya tamasha jingine. Kinyozi alinyoa, magunia yalikimbiliwa, wazee wakafungwa tisa. Fedha zilikwenda kulipia dawa na wauguzi wa kupima macho ya kila mtu, bure. Mume wa Tarumbeta alichora herufi tu: SIKU YA KUPIMA MACHO. NJOONI WOTE. Hapakuwa na uso wa mtu. Kila aliyepimwa aliingia peke yake kwenye chumba cha darasa, na majibu aliambiwa yeye tu. Mwisho wa siku muuguzi alitoa hesabu bila majina. Watu tisini na watatu walipimwa. Watano walikutwa na presha ya macho ikiwa bado changa, wakaanza dawa. Tarumbeta alitamani sana kujua ni akina nani. Hakuuliza.

Walikuwapo pia waliokutwa na mtoto wa jicho lakini wakaogopa kisu. Muuguzi alimwomba Tarumbeta afikishe ombi. Kesho yake, kabla wateja hawajaanza kuja, alisogeza kiti karibu na meza ya jirani yake.

"Kaka, kuna watu wanaogopa upasuaji. Muuguzi anauliza kama ungependa kuongea nao, mmoja mmoja, kwenye chumba chake. Jina lako halitatangazwa. Na kama hutaki, nitamwambia hapana, na hatutalirudia."

Fundi saa alikuwa ameshika saa ya ukutani. Aliigeuzia upande wa jicho lake la kulia, akaijaza ufunguo taratibu mpaka ikaanza kutembea.

"Nitaongea nao," alisema.

"Asante, kaka."

Alipangusa kioo cha saa kwa kitambaa. Alipangusa muda mrefu, ingawa kilikuwa safi.

"Unajua," alisema, "ungeniuliza hivi siku ile, ningekubali."