Ziwa Lililokataa Kukauka

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Litembo wakati Tarsisi alipotoka kupeleka kitabu kwa Kalista, mwenyekiti wa jumuiya. Alikibeba kwa viganja viwili kama mtoto wa ubatizo, maana jalada lilikuwa bado bichi. Alikuwa amechora ziwa kwa rangi za maji, kama linavyoonekana ukiwa Chiwanda. Siku ya tatu sasa, na halijakauka.

"Fundi akizeeka hata rangi haimtii," alijisemea. Alikuwa amechora mabango toka Tunduma hadi Blantyre. Kila alipopita aliacha jina lake kwenye kona, na mwanamke mmoja aliyeshukuru kumwona akiondoka.

Kitabu alikishona mwenyewe. Kilikuwa cha marehemu, cha kusomwa kanisani Jumapili. Kila marehemu na ukurasa wake, jina kwa brashi na rangi ileile ya maji.

Kalista akafunua hadi mwisho. Akaweka kidole juu ya jina.

"Kaka Tarsisi. Huyu Tarsisi ni nani?"

Mkono na mazoea! Alikuwa ameweka jina lake mwishoni, kama kwenye mabango.

"Ni fundi, mama mwenyekiti. Mniombee mapema, dhambi zangu haziishi kwa misa moja."

Kalista hakucheka. "Mimi nasoma kilichoandikwa. Litoe."

Tarsisi akauchana ukurasa, akautia mfukoni, akarudi na kitabu chake kikaendelee kukauka. Alipofika kwenye mibuni, giza likishuka, ikaja harufu.

Dagaa wabichi. Matope ya ziwa.

Huku juu milimani?

Chwa... chwa... Nyayo zilizolowa, nyuma yake.

"Kaka..."

Mwanamke. Kitenge kimemganda mwilini, kinachuruzika maji, na mvua haijanyesha wiki nzima. Mkononi ana karatasi. Tarsisi akalisoma jina kwa mwandiko wake mwenyewe: Yuliana. Yule aliyeolewa Chiwanda, ziwa likamchukua, mwili usionekane.

Ndipo fundi akakumbuka ufundi wake. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa mbili. Ukichana mmoja, pacha wake hana kinachomshika. Alijitoa yeye, akamwangusha Yuliana.

"Wenzangu watasomwa," mwanamke alinong'ona. "Mimi nibaki majini?"

"Nitakubandika, dada. Nina gundi nzuri..."

"Gundi inalowa." Akanyoosha karatasi. "Nishone. Pamoja na pacha wangu."

Angeweza kukimbia. Miguu ilishaomba ruhusa. Lakini alimwona anavyotetemeka kwa baridi, akaipokea.

Nyumbani alizishona kurasa zote mbili, wa Yuliana na ule wa mfukoni, mahali pake. Kisha, kwa ujanja wake wa safari, akachovya kitambaa majini, akafuta jina lake hadi ukurasa ukawa mweupe. Rangi ya maji huondoka kwa maji. Akacheka peke yake.

Jumapili jalada lilikuwa kavu. Kavu kabisa. Kalista alipolitaja jina la Yuliana, harufu ya ziwa ilipita kati ya mabenchi, ikatoka mlangoni. Tarsisi akashusha pumzi.

Ukurasa wa mwisho.

Kalista akauinua kuelekea dirishani.

"Hapa pamelowa," alisema. "Pana jina, ila halisomeki."

Akaupuliza ukurasa.

"Ngojeni kidogo... linakauka."