Mgeni wa Upande wa Magharibi

Gundi ilikataa kukauka.

Boram aliigusa kwa ncha ya kidole, akakuta bado mbichi, tena vuguvugu, kama mate yaliyotoka kinywani mwa mtu sasa hivi. Alikuwa ameiunganishia mpini wa kisu tangu jana. Gundi ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, hushika upesi siku kavu kama ile. Alipojifuta kwenye aproni, ikavutika ikawa uzi mrefu, isikatike.

"Hewa mbaya," alijiambia, akaenda kunawa. Alinawa mara ya pili. Harufu haikutoka.

Mumewe, Taeshik, alitengeneza pinde za pembe ya nyati kama marehemu baba yake, na karakana yake ilikuwa chumba cha mwisho cha nyumba yao pale Yecheon. Alikuwa amepanda basi kupeleka pinde Seoul. Binti yao, Dallae, alikuwa ameanza kutambaa, na siku baba yake alipoondoka alikutwa ameshika kisu cha kuchongea pembe, anakilamba. Boram alimnyang'anya. Akaamua kuipanga upya karakana nzima, visu vyote vikae juu, mbali na mikono ya mtoto.

Mama mkwe wake, Bibi Bunrye, alimkuta na nyundo mkononi.

"Mwanangu, ngoja keshokutwa. Leo mgeni yuko magharibi."

Kwao, mgeni ni yule asiyetajwa jina, azungukaye pande za dunia. Mtu hahami nyumba wala hagongi msumari kabla ya kuuliza yuko wapi.

"Mama, kisu nacho kitangoja keshokutwa?"

"Ukigonga upande wake, unamgonga yeye."

"Basi nitagonga polepole, asiumie," Boram alisema, wakacheka wote wawili. Bibi kizee akaenda kucheza karata na wenzake. Alijua mkamwana wake hana ubishi, angengoja tu.

Boram hakungoja. Alipigilia misumari ukuta wa magharibi, usawa wa kichwa chake, akatundika visu, akatundika mafungu ya kano za kubandikia pinde na mabondo makavu. Msumari wa mwisho uliingia kiurahisi mno. Haukulia kama umeingia ukutani. Uliingia kama kwenye nyama.

Hayo yalikuwa jana; sasa gundi haikauki. Alipoinua macho aliona kano za ng'ombe, zilizochanwa zikawa kama mvi za bibi, zimelowa, zina mafuta ya njano yanayodondoka sakafuni, kama zimetolewa mguuni mwa mnyama asubuhi ile. Mabondo yalikuwa yamevimba. Yakanywea. Yakavimba tena.

Boram alikimbia kwa mwanawe.

Dallae alikuwa amelala juu ya godoro, kimya, midomo imebana. Boram alimpa ziwa; midomo haikufunguka. Ilikuwa imegandana. Aliilainisha kwa maji ya moto na kitambaa, taratibu, huku akimbembeleza, na ilipoachana ikatoka pumzi inayonuka matumbo ya samaki yaliyosahauliwa juani, naye akageuza uso, akaona haya kwamba amemgeuzia uso mwanawe mwenyewe, akarudi, akaingiza kidole ili asafishe ulimi, akashika kitu chembamba chenye utelezi, akadhani ni uzi wa blanketi, akavuta, kikaja, akavuta, kikazidi kuja, kano nyeupe yenye mafuta ya njano, ndefu kuliko mtoto mwenyewe, nayo ilikuwa na joto, na kule ndani, tumboni mwa Dallae, kitu kikawa kinaivuta kurudi.

Alipiga yowe. Kano ikamponyoka, ikazama kooni mwa mtoto.

Bibi Bunrye ndiye aliyemkuta. Hakuuliza, hakukaripia. Aliishika mikono ya Boram, akaiosha kwenye karai kidole kwa kidole, kisha akampigia simu mwanawe arudi, akamwita na mganga wa ng'ambo ya daraja.

Mganga alikuja asubuhi pamoja na Taeshik, amejifunga leso puani.

"Nyumba hii inanuka kama samaki aliyekufa mara mbili. Nani kagonga?"

"Mimi," Boram alinong'ona.

"Ni mimi niliyeacha kisu chini," alisema Taeshik haraka.

"Mtagombania kosa baadaye. Lete koleo. Uliyegonga ndiye utakayeng'oa. Omba radhi kwa kila msumari."

Mganga akapiga ukuta kwa tawi la mpichi, akarusha maharage mekundu, akamwaga pombe ya mchele kizingitini. Boram aling'oa. "Samahani, mgeni. Samahani." Kila msumari ulitoka na ute, na kila ulipotoka Dallae alitapika mikononi mwa bibi yake, kano kwa kano, bonge kwa bonge, na bibi akayakinga kwa sketi yake bila kukunja uso.

Msumari wa mwisho ulikatika. Kichwa kilibaki kwenye koleo. Mwili ukabaki ukutani.

"Chimba," alisema Taeshik.

"Usiguse!" Mganga aliziba tundu kwa udongo mwekundu. "Ataondoka mwenyewe, akitaka."

"Na asipotaka?"

Mganga alijifuta udongo mikononi. Dallae alikuwa analia, kilio kikavu, kisafi, cha mtoto mwenye njaa. Boram alimnyonyesha palepale sakafuni, machozi yakimtiririka. Jioni ile gundi ilikauka.

Mwezi uliofuata Dallae alitimiza mwaka. Bibi Bunrye alipika supu ya mwani, akamwekea Boram bakuli la kwanza. Walimvisha mtoto hariri, wakampangia mbele yake vitu vya kuchagua bahati: uzi, mchele, kalamu, noti, na upinde mdogo aliochongewa na baba yake.

"Uzi, mama, uzi! Uishi sana!" majirani walimshangilia.

"Acheni, wa baba huyu, atashika upinde!"

Dallae alivitazama vyote, akavipita. Akatambaa kuelekea ukumbini.

"Ameona keki za mchele!" mtu mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Boram hakucheka. Hewani palipita harufu.

Alimkuta karakanani. Juu, usawa wa kichwa, udongo mwekundu ulikuwa mkavu, haujapasuka. Lakini chini kabisa, usawa wa mtoto anayetambaa, ukuta wa magharibi ulikuwa umeota chuchu, ndogo, ya kijivu, inayong'aa kwa ute. Dallae alikuwa akiinyonya, amefumba macho, mkono mmoja ukipapasa ukuta kama unavyopapasa kifua cha mama.

Boram alimvuta, akatoka naye mbio. Midomo ya mtoto ikaachana na ukuta, na katikati ukabaki uzi wa gundi, ukavutika hadi mlangoni, hadi ukumbini, usikatike.

Nyuma yake, ndani ya ukuta, kitu kilikuwa bado kinaufyonza.