Namba Isiyo na Jina, Mavivi

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, uwanja wa ndege wa Mavivi, kaskazini ya Beni, Oktoba 2001. Seva ya bohari la kahawa ilikuwa imewashwa, na Butembo haikuweza kuifikia.

Hulda Maliro aliweka mfuko wake mezani. Bisibisi, nyaya, tochi. Chini ya nyaya, bastola ya Browning.

Kwa wafanyakazi wa bohari alikuwa fundi wa kompyuta kutoka makao makuu ya kampuni, Butembo. Kwa ofisi ya Kinshasa alikuwa jasusi. Amri yake ilikuja alfajiri kwa phonie, ile redio ya masafa marefu:

"Maharagwe ya Beni yameungua. Enda ukatoe sufuria mbele ya saa tano."

Sufuria ilikuwa mtu. Siméon Kitsa, mtunza bohari, alikaa nyuma ya Hilux uani, mikono ndani ya pingu. Mita mia tatu mbele yake ilisimama ndege ya Antonov.

Hati zilikuwa wazi. Masanduku sitini yaliyoandikwa "vipuri vya mashine ya kahawa" yalitoka boharini kwa mwezi mmoja. Grady, kamanda wa kikosi cha uwanja, alifungua moja akakuta risasi. Dhahabu ya machimbo ya Manguredjipa ilirudi kwa ndege ileile. Chini ya kila hati ya kutoa mzigo palikuwa na jina la Siméon. Saa tano angepandishwa Antonov "kwa enquête", yaani uchunguzi. Watu wawili walimtangulia kwa enquête hiyo.

Hakuna aliyerudi.

Lakini jina la chini ya hati anaweza kulichapa yeyote. Seva ina alama nyingine: huandika yenyewe ni nani aliyeiunda hati, na haimwombi ruhusa. Hulda alifungua alama hiyo.

Hapakuwa na jina. Palikuwa na namba ya tarakimu thelathini na kitu.

"Njo preuve yako hii, ushahidi?" Grady aliuliza. Alikuwa mtu wa Bandundu, sare imepigwa pasi kali. "Namba? Mama, hata ng'ombe ya padri iko na namba."

"Na padri anajua ni ng'ombe gani, mon commandant. Sababu iko na kitabu. Kitabu ya hii namba iko Butembo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta zote za kampuni zilikuwa ndani ya boma moja, domaine, na majina yalitunzwa Butembo. Wiki tatu nyuma mtu aliitoa seva ya Mavivi ndani ya boma. Namba ikabaki bila jina. Alidhani amefuta ushahidi. Alikuwa amekata kamba tu, na hakubadilisha hata neno la siri la mashine.

Hulda alichukua phonie.

"Butembo, Butembo, hapa Mavivi. Niko narudisha seva kwa domaine. À vous."

Aliyejibu ni Ézéchias, msimamizi wa mashine za makao makuu. "Nafasi iko wazi, Mama. Tumia jina yangu. À vous."

Aliingiza jina. Seva ilikataa.

Mara ya pili. Ilikataa.

Safari hii aliusoma ujumbe wote: saa ya mashine na saa ya domaine zinapishana.

Pembeni ya skrini palisomeka 10:34. Saa ya Casio mkononi mwake ilisema 9:34.

Antonov ilikuwa ya Van Roose, mzungu mwenye pasi tatu za kusafiria. Yeye ndiye aliyeleta kutoka Kampala fundi aliyeitoa seva ndani ya boma, na Kampala iko saa moja mbele ya Beni. Fundi alipanga mashine kwa saa ya mkono wake mwenyewe. Domaine huvumilia tofauti ya dakika tano. Alilipwa kuficha uhaini, na hakuuliza ni saa ngapi.

Hulda aliacha kuchapa. Mavivi watu waliishi na saa mbili: ya Beni kwa misa na shule, ya Kampala kwa ndege. Mwenyeji huuliza kila mara: saa ya nani? Kinshasa haikuuliza.

"Mon commandant, ndege inaruka saa tano ya nani?"

"Ya ndege, bien sûr. Ya Kampala."

Yaani saa nne kamili. Dakika ishirini na tano.

Nje, pangaboi la kwanza la Antonov lilianza kuzunguka.

Alirudisha saa nyuma. Akaingiza jina mara ya tatu.

Domaine ilikubali. Seva ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya.

"Dakika sita," alisema.

Dakika ya pili mlango ulifunguliwa. Zorobabel Kasika, mkurugenzi wa bohari, aliingia na suti ya rangi ya maziwa na manukato yaliyofika kabla yake.

"Weye mwanamuke, nani alikuruhusu kugusa mashini yangu? Unajua bei yake?"

"Najua, Papa Directeur. Sasa najua na saa yake."

Alitazama skrini. Akaelewa. Akapiga kelele dirishani: "Zimeni groupe!"

Jenereta ilinyamaza. Taa zikafa. Feni ikasimama.

Seva iliendelea kunguruma.

"Juu ya nini haizimi?"

"Iko na batterie. Kilo makumi mbili, chini ya meza. Uliisainia mwenyewe siku ilifika."

Zorobabel aliingiza mkono ndani ya koti. Browning ya Hulda ilikuwa tayari mbele ya tai yake.

"Toa mukono polepole. Usichafue suti."

"Likambo te, fujo hapana!" Grady alikuwa na bunduki yake, nayo iliwalenga wote wawili. "Bote, mikono juu! Silaha chini! Mimi simujui mutu hapa. Tutangojea mashini."

Walingoja. Mkurugenzi, jasusi, mikono hewani, dakika nne. Manukato yalianza kuchanganyika na jasho. Pangaboi la pili la Antonov lilizunguka.

Skrini iliomba jina na neno la siri.

"Andika, mon commandant," Hulda alisema. "Nitakutajia herufi moja moja."

"Sijazoea hii bintu. Kidole moja tu."

"Moja inatosha."

Grady aliandika. Akafungua hati ya kwanza pale alipoelekezwa. Namba ilikuwa imeondoka. Mahali pake palikuwa na jina, na alilisoma kwa sauti: "Zorobabel Kasika."

Hati ya pili. Zorobabel Kasika.

Ya tatu. Alizisoma kumi na mbili. Alikuwa mtu wa kuhakikisha.

"Mashini inasema bongo, inadanganya!" Zorobabel alilia.

"Asubui ulisema mashini iko sawa," Grady alimjibu, "sababu ilisema Siméon."

Saa tatu na dakika hamsini na tatu. Nje, Antonov ilianza kusogea bila kumngoja Siméon. Grady alishika redio ya Motorola: "Camion katikati ya piste. Sasa."

Lori la Mercedes liliingia njia ya ndege, likasimama kwa ubavu. Antonov ilifunga breki mita themanini mbele yake. Van Roose alishushwa mikono kichwani. Chini ya kiti chake palikuwa na visanduku viwili vya dhahabu.

Kikosi kilikuwa na pingu moja tu. Ilitolewa mikononi mwa Siméon, ikafungwa kwa Zorobabel.

Siméon alisugua vifundo vya mikono yake. "Wasingya, Mama. Njo weye nani?"

"Fundi. Ubaambie bawashe groupe, batterie inaisha."

Alifunga mfuko, hakungoja shukrani nyingine.

Saa nne na dakika ishirini na mbili, pikipiki yake ya Yamaha ilipita barrière, kizuizi cha barabarani cha Beni, kuelekea Butembo.