Aliyecheka kwa Niaba Yake

Ilikuwa imebaki picha moja tu. Kampuni ya utalii ilitaka jua likizama nyuma ya milima, kwa ajili ya kalenda yake, na Mama Picha akapanda hadi ukingoni, penye reli ya chuma na benchi la wasafiri. Kamera begani. Kwapani kitabu kipya cha hadithi, bado kinanukia gundi, alichomnunulia binti yake dukani pale stendi.

Zamani jua la namna ile lingemtoa machozi. Tangu mumewe afariki, alitazama kila kitu kama mtu aliye nyuma ya kioo cha basi. Msibani hakulia. Wakwe wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Wangejua! Jiwe lina afadhali, ukiligonga linatoa sauti.

Kilichomsumbua kilikuwa kimoja. Binti yake alipenda vitabu vipya kuliko peremende, na baba ndiye aliyekuwa akimsomea. Sasa zamu ilikuwa ya mama. Kila kitabu alikianza, akasoma ukurasa, akageuza... sauti ikamkauka katikati ya sentensi, akabaki amekodoa macho. Mtoto humsubiri kwa adabu, kisha huzima taa mwenyewe. Safari hii, walipoagana, alimwambia, “Mama, ukirudi tusome kimoja mpaka mwisho. Kimoja tu.” Mama Picha akaahidi. Alijua kwamba akishindwa na hiki, mtoto hataomba tena.

Akapiga picha ya jua. Akaongeza nyingine. Upepo ukakatika.

Ndipo harufu ikaja. Harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi.

“Kinyozi hajinyoi,” sauti ikanong'ona nyuma yake. “Lete kamera, nikupige wewe.”

Alikuwa mwanamke aliyevaa koti refu la mvua, kofia ameishusha hadi puani. Changarawe pale ilikuwa tele, lakini Mama Picha hakusikia hatua hata moja. Msafiri mwenzangu, akawaza. Na wasafiri ndivyo walivyo, unampa kamera mtu usiyemjua, anakupiga, anakurudishia, mnashukuriana, kila mtu na njia yake. Tena ni kweli, nyumbani kulijaa picha za dunia nzima ila yeye hakuwemo. Akaweka kitabu kwenye benchi, akamkabidhi kamera.

“Cheka kidogo.”

“Siwezi, dada.”

“Huwezi... au hutaki?”

“Hata sijui.”

Yule mwanamke akainua kamera. Halafu, polepole sana:

“Basi nitacheka mimi kwa niaba yako. Unaniruhusu?”

Ni swali gani hilo la kumuuliza mtu machweo? Mwenye akili yake angenyakua kamera akashuka mlima mbio. Lakini Mama Picha alikuwa amechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala.

“Sawa,” akasema.

Kacha!

Kamera ilikuwa mikononi mwake tena. Hakukumbuka kuipokea. Ukingoni hapakuwa na mtu. Kwenye benchi hapakuwa na kitabu. Akatazama kioo cha kamera, akajiona mwenyewe, kichwa nyuma, anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana.

Kisha, mbele ya macho yake, picha ikabaki reli na anga tu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama Picha alikuwa amefika mahali ambapo hata nyoka mwenyewe asingemshtua. Alifunga mkoba wa kamera, akashuka zake hadi nyumba ya wageni. Alikuwa akivua viatu simu ilipoita. Mdogo wake, aliyemwachia nyumba na mtoto.

“Dada, nimefika kwangu salama. Nilisahau kukwambia, funguo za akiba nimeziacha juu ya friji.”

“Funguo za wapi?”

“Za kwako, jamani! Umesharudi, mimi nikae kufanya nini tena?” Akashusha sauti. “Na dada... nimefurahi kukuona unacheka. Mwenzio nilishakata tamaa.”

Mama Picha akaitazama simu mpaka ikazimika mwanga. Akayatazama matope ya mlimani kwenye viatu vyake. Alipaswa kupiga kelele, aamshe nyumba nzima, akodi gari. Badala yake akajilaza.

Na la kutisha kuliko yote, akapata usingizi.

Basi la asubuhi lilimfikisha nyumbani giza likianza kuingia. Dirisha la binti yake lilikuwa na mwanga. Akazunguka kwa nje, akapita kwenye vyungu vya maua, akasimama.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa ndani, inasoma.

Ilisoma vizuri. Ilipanda, ikashuka, ikamwigiza mzee mwenye kikohozi, na mtoto akacheka. Kicheko hicho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu mazishi. Kwenye upenyo wa dirisha, harufu ya nguo mbichi ikatoka.

“Ngoja nikuletee maji ya kunywa, mwanangu,” sauti ikasema. Mlango ukafunguka. Hatua hazikusikika.

Mama Picha akagonga kioo kwa kucha. Mtoto akaja, akafungua dirisha kidogo.

“Mwanangu, ni mimi,” akanong'ona. “Huyo si mama yako.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Mikono yake ni ya baridi. Na ananuka.” Mtoto naye alikuwa ananong'ona. “Nilijua tangu alipoingia.”

“Basi njoo. Pita hapa dirishani, upesi!”

Mtoto akageuka kuutazama mlango, kisha akamtazama mama yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, kama mtu mzima anayemkatalia mgeni.

“Mama, tumebakiza kurasa chache,” akasema. “Huyu anafika mwisho.”

Akalivuta dirisha taratibu. Akafunga komeo.

Mama Picha akainua ngumi avunje kioo. Ngumi ikabaki hewani. Akasubiri uchungu uje, uchungu wowote, umsukume... Haukuja. Ndani, kitanda kililia, mtu akaketi, na sauti yake ikaendelea pale ilipoishia.

Akashusha mkono, akasogeza sikio kwenye kioo. Naye alitaka kujua hadithi inaishaje.